Kalenda ya Duka la Pembejeo

Daktari wa Makole aliigeuza skrini nione.
"Hivi hapa," akasema, kalamu ikizunguka
vitone vyeusi vilivyojipanga ukingoni,
kumi na tatu, kumi na nne, upande wa kushoto peke yake.
Mimi, mkulima wa Hombolo, sikuona ugonjwa.
Niliona kichala kichanga cha zabibu,
punje ngumu zilizobanana,
hakuna hata moja iliyopata nafasi ya kuiva.

Nikamwuliza kama ni laana.
Akasema ni homoni. Ni sukari pia,
ni kukaa sana, ni kulala saa nane za usiku
nikipiga hesabu ya deni la dawa ya ukungu.
"Punguza kilo sita. Saba ukiweza.
Mtoto siahidi. Tuanze na mwili kukusikia."

Miaka sita, kwa wakwe, jina langu lilikuwa Bado.
"Mke wa Chiwanga je?" "Bado."
Nami nilikuwa na ndevu tatu za kidevuni
ninazozing'oa gizani kabla ya jogoo,
na miezi saba bila kuona siku zangu.

Nikaanza na soda.
Kisha chai: vijiko vinne, viwili, kimoja,
hata asubuhi moja nikaionja chai yenyewe,
nikagundua miaka yote nilikunywa sukari iliyopakwa rangi.
Sembe nikaipelekea jirani. Nikatwanga uwele.
Mama mkwe akachungulia chungu:
"Chakula cha njaa hiki. Mmefilisika?"
Mlenda, kunde, ugali wa rangi ya majivu,
na mkono wangu ukijifunza kunawa
wakati sinia bado lina kitu.

Saa kumi na moja alfajiri, njia ya bwawani.
Vumbi la Juni ni baridi kama unga wa kisima.
Siku ya tatu nikasikia viatu vya shamba nyuma yangu.
Chiwanga. Hakusema amekuja kufanya nini.
Mwezi uliofuata naye akaenda kupimwa,
bila kuambiwa,
akaja akaikunja karatasi ndani ya kitabu cha nyimbo.

Sikuwa mtakatifu. Kwenye msiba wa Mvumi
nilikula pilau sahani mbili, nikanywa soda tatu,
nikarudi nikalala hadi jua la saa nne,
wiki nzima njia ya bwawani ikanisahau.
Nilijipima kwenye mizani ya kununulia zabibu,
nikavua kandambili, nikavua na kitenge cha juu.
Mnunuzi akacheka: "Shangazi, hii daraja la kwanza?"
Kilo mbili tu zilikuwa zimeondoka.
Nikalia nyuma ya makreti.

Jioni ile Chiwanga alikuwa anapogoa.
Mzabibu, ukiumwagilia kila siku, unakuwa majani matupu.
Unaufunga maji. Unaukata hadi wapita njia
wanasema mwenye shamba ana wazimu.
Haya nayajua tangu utoto, nimeyafanya kwa mikono yangu,
na sikuwahi kuyafikiria nikiwa nimesimama mbele ya kioo.
Hata hivyo mzabibu hauulizwi na mawifi.

Kilo nne. Nne na nusu. Tano.

Jumanne moja, chooni, nikaona damu.
Nikachuchumaa pale muda mrefu kuliko haja yenyewe.
Ndani, kwenye kalenda ya duka la pembejeo,
chini ya picha ya mahindi manene kuliko yote duniani,
nikazungushia tarehe kwa kalamu nyekundu.
Kisha nikasubiri. Nikatembea. Nikalala saa tatu.
Siku ya thelathini na nne ikaja tena.

Mama mkwe aliona pakiti ya pedi dirishani.
Akashusha sauti, akanishika bega:
"Pole, mwanangu."
"Asante," nikasema, na nilikuwa natabasamu,
naye akaniangalia kama mtu aliyerukwa na akili.
Ningemweleza vipi? Kwake mlango umefungwa tena.
Kwangu kuna mtu ndani. Amejibu hodi.

Nje, Chiwanga anafunga kamba za viatu.
Bado giza.
Leo neno hilo silichukii.